Alianza na godoro la majani, akaishia kumiliki Norfolk

Wafanyabiashara wa Tukuyu wanaojua hesabu ya ndizi, chai na parachichi sasa wanapigia hesabu bidhaa nyingine: kitanda. Mji una hali ya hewa ya ubaridi na mandhari ya Mlima Rungwe. Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu haviko mbali, na barabara ya Mbeya kwenda mpaka wa Kasumulu inapita hapo hapo. Hata hivyo mgeni mwenye fedha mara nyingi hupita mchana, akapiga picha, akarudi kulala Mbeya au akateremka Matema. Fedha ya usiku inakwenda naye.

Kwa anayefikiria kuingiza mtaji kwenye vyumba, maisha ya Abraham Block wa Nairobi yanafaa kuchunguzwa, faida yake na hasara yake.

Block alikuwa Myahudi aliyezaliwa Lithuania, wakati huo ikiwa chini ya mfalme wa Urusi, ambako Wayahudi walikuwa wakiandamwa. Alipitia Afrika Kusini, kisha mwaka 1903 akaingia Kenya akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Reli ilikuwa imefika Nairobi miaka minne tu kabla. Mji ulikuwa wa mabati na tope, na kila kitu kilikuwa adimu.

Hapo ndipo inapoanza hadithi ya magodoro. Mama mmoja, Mayence Bent, alikuwa akiendesha hoteli ndogo iliyoitwa Stanley, na hakuwa na magodoro ya kutosha. Inasimuliwa kwamba Block alinunua kitambaa kwenye maduka ya Wahindi, akakusanya majani makavu na kuyashindilia ndani, na kwa kukosa sindano kubwa akachonga spoku ya baiskeli. Magodoro yakanunuliwa. Ukiondoa kitambaa, mtaji wake haukuzidi jasho, kwa kuwa malighafi ilikuwa ikiota bure. Lakini alichokuwa amekiona ni upungufu, na mnunuzi wake alikuwa tayari amesimama mlangoni.

Hakukimbilia hoteli mara moja. Alilima na akafanya biashara kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1927 ndipo alipoichukua Norfolk, hoteli iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904 na kuwa kituo cha mabwana waliokuja kuwinda. Miaka miwili baadaye uchumi wa dunia ukaporomoka, na bei ya mazao ikaanguka pamoja nao. Mwenye hoteli wa wakati ule, ambaye wateja wake ni masetla wanaotegemea kahawa, alikuwa na kila sababu ya kuuza na kuondoka. Block hakuuza. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Nairobi ilijaa maofisa wa jeshi la Uingereza, na watu hao walihitaji mahali pa kulala, kula na kunywa.

Mwaka 1947 akanunua New Stanley. Ndiyo ile ile Stanley ya Bibi Bent, ambayo jengo lake la mwanzo liliungua mwaka 1905 na baadaye ikahamia ilipo sasa. Yule aliyeuza magodoro akawa mwenye vitanda, miaka zaidi ya arobaini baadaye.

Wenye hisa watapenda kujua jambo moja zaidi kuhusu jengo hilo. Soko la Hisa la Nairobi lilipoanzishwa mwaka 1954 halikuwa na ukumbi wa mnada. Madalali walikubaliana bei juu ya kikombe cha kahawa, na hoteli ya Stanley hujivunia kwamba kahawa hiyo ilinywewa kwake.

Isisahaulike kwamba uwanja haukuwa sawa. Mwafrika wa Nairobi enzi hizo aliingia katika hoteli hizo kwa mlango wa jikoni, akiwa mtumishi. Ardhi nzuri iligawiwa masetla, na sheria za kikoloni, Kenya na Tanganyika pia, zilibana mikopo kwa wenyeji. Bidii ya Block ni ya kweli, lakini milango aliyoifungua ilikuwa imefungwa kwa wengine. Mnyakyusa mwenye akili kama yake mwaka 1927 asingepata hati wala benki.

Block alifariki mwaka 1965. Wanawe walikuwa wameshika usukani, na kampuni ya Block Hotels ikatoka mjini ikaenda mbugani na pwani: Keekorok kule Maasai Mara, Samburu Lodge, Outspan na Treetops za Nyeri, Nyali Beach ya Mombasa. Ulikuwa mnyororo uliokamilika. Mgeni alilala Norfolk, akaona simba, akaogelea, na bili zote zikaishia mfuko mmoja.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1978 Stanley ilipita kwa kundi la Sarova. Usiku wa Desemba 31, 1980, bomu lililipuka Norfolk wakati wa karamu ya mwaka mpya, likaua watu na kubomoa sehemu ya jengo. Wengi walilihusisha na msaada wa Kenya kwa Israel katika uokoaji wa Entebbe mwaka 1976. Norfolk ilijengwa upya, lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 ikawa mali ya Lonrho, na familia ikajitoa. Kampuni yenye jina la Block iliendelea chini ya wengine na hatimaye ikaangukia mikononi mwa mfilisi.

Anayejenga Tukuyu hana Norfolk, lakini hesabu ni ile ile. Chumba ambacho hakikuuzwa leo hakiwekwi ghalani kikauzwa kesho. Wafugaji wa Rungwe wanalielewa hilo kuliko wengi, maana wanauza maziwa. Mvua za masika hufanya njia ya Ngozi kuwa utelezi, wageni hupungua, ilhali marejesho ya SACCOS hayana masika. Mwenye vyumba sita na deni la vyumba ishirini atajikuta anauza shamba la migomba ili kulinda mapazia.

Kuna njia ya pili, isiyo na matofali. Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe tayari waliingia ubia katika kampuni ya Wakulima Tea pamoja na Tatepa, ambayo iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1999. Hisa si neno geni kwao. Hoteli za kifahari nazo huuzwa vipande vipande: TPS ya Afrika Mashariki, yenye hoteli za Serena, iliingia soko la Nairobi mwaka 1997. Gawio lake hutegemea watalii, na mwaka 2020 korona iliwaonyesha wenye hisa jinsi lobi inavyoweza kuwa tupu kwa miezi.

Kwa wale watakaojenga, bei ya godoro waianze mapema. Katika vyumba vingi vya njiani, ndilo linalonunuliwa mwisho, fedha ikiwa imekwisha, na ndilo mgeni analolikumbuka akiamua kama atalala Tukuyu tena.