Waridi la Manet Lina Sentimita Ngapi?

Ukienda kuchapisha picha ya ukutani, fundi hakuulizi picha ni ya nani. Anauliza, "A ngapi?" Ukisita kidogo, anakushauri uchukue kubwa. Nilipompelekea maua ya mchoraji Édouard Manet aliniambia, "Weka A0, kaka, sebule ichangamke." Nilikuwa nimeshapima. Nikaomba A2.

Mchoro wenyewe ni mawaridi kwenye chombo cha kioo, wa mwaka 1882, na uko Clark Art Institute, Williamstown, Marekani. Urefu wake ni sentimita 55.9, upana 34.6. Karatasi ya A2 ni 59.4 kwa 42. Ukiuchapisha kwa ukubwa wake halisi unabaki ukingo mweupe wa sentimita 1.75 juu na chini, na 3.7 kila ubavu, kana kwamba karatasi ilikatwa kwa ajili yake.

Nashikilia kipimo hicho kwa sababu kina historia ya mwili wa mtu. Mwaka huohuo wa 1882 Manet alionyesha picha yake ya baa ya Folies-Bergère, sentimita 96 kwa 130, ambayo eneo lake ni zaidi ya mara sita ya lile la mawaridi. Lakini ugonjwa ulishamshika mguu, na kusimama mbele ya turubai kubwa kulizidi kumwia vigumu. Marafiki walimletea maua, naye akayachora, takriban picha 16 katika miezi ile ya mwisho. Tarehe 20 Aprili 1883 mguu wa kushoto ulikatwa. Tarehe 30 Aprili alifariki, akiwa na miaka 51. Sentimita 56 ndizo alizozimudu, na ndani yake aliweka kila alichokijua kuhusu mwanga.

Lakini si ugonjwa peke yake uliopanga vipimo vya maua ya wakati ule. Maduka ya Paris yaliuza turubai zilizokwisha kuwambwa, kwa namba. Namba 15 ilikuwa sentimita 65 kwa 54, na ndiyo saizi ya maua mchanganyiko aliyoyachora Renoir mwaka 1869, yaliyoko leo katika jumba la makumbusho la sanaa la Boston. Namba 40 ilikuwa 100 kwa 81, na hapo ndipo yanapoangukia maua ya alizeti ya Monet ya mwaka 1881, yaliyoko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kwa hiyo nyingi zilikuwa picha za kutundika juu ya kabati au meza, katika chumba cha watu wanaoishi humo.

Na bei? Machi 1875, Monet, Renoir, Sisley na Berthe Morisot walipeleka kazi 73 mnadani Hôtel Drouot, Paris. Jumla ilikuwa kama faranga 11,500, yaani wastani usiofika faranga 160 kwa picha, na baadhi walilazimika kuzinunua tena wenyewe. Manet, ambaye hakushiriki hata moja ya maonyesho manane ya kundi lile la Waimpreshonisti, alipata zaidi. Mwaka 1880 alimuuzia mkusanyaji wa sanaa Charles Ephrussi picha ya fungu la asparaga, mboga ya machipukizi, kwa faranga 800. Ephrussi akatuma 1,000. Manet akachora chipukizi moja pekee, akampelekea na ujumbe kwamba lilikuwa limepungua kwenye fungu. Fungu lina sentimita 46 kwa 55, kwa hiyo kila sentimita ya mraba iliuzwa kwa faranga 0.32. Lile chipukizi pekee, lenye kama 16.5 kwa 21.5, ukilihesabia zile faranga 200 za ziada, linatoka 0.56. Kidogo kilikuwa ghali kuliko kikubwa, na naamini Ephrussi hakujuta.

Tuje sasa kwenye jicho. Husemwa kwamba ukirudi nyuma kidogo, mipigo ya brashi ya Waimpreshonisti huyeyuka na kuwa ua. Hesabu inakataa. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu ya 60 ya digrii, ambayo kwa umbali wa mita 1 ni milimita 0.29. Mpigo wa brashi wenye upana wa milimita 5 utaanza kupotea ukiwa mita 17. Sebule yangu ina mita 4. Ndani ya nyumba mpigo hauyeyuki kamwe: unaiona rangi ikiwa rangi, na papo hapo unaliona waridi. Utamu wote wa picha hizi uko hapo, katika vitu viwili kuonekana kwa pamoja bila kimoja kukifuta kingine.

Ukikuza hadi kuijaza A0, kila kipimo kinazidi mara mbili. Waridi lililokaribiana na waridi la bustanini linakuwa kama kabichi, na mpigo wa nusu sentimita unakuwa wa sentimita nzima, kana kwamba umepigwa na mpaka rangi wa kuta. Mkono wa Manet unapotea. Gharama nazo zinapanda: karatasi ya A0 ina eneo mara nne ya A2, fremu inataka mbao urefu mara mbili, na kioo cha milimita 2, chenye kilo 5 kwa mita ya mraba, kinatoka kilo 1.25 na kufika kilo 5 kabla hujapima fremu yenyewe.

Kuhusu faili ya kuchapisha, usitishwe na namba kubwa. Kanuni ya kawaida ya kutazama ni kusimama umbali wa mara moja na nusu ya ulalo, yaani kipimo cha kutoka pembe hadi pembe. Ulalo wa mawaridi ni karibu sentimita 66, kwa hiyo unasimama kama mita 1. Hapo jicho linatenganisha nukta 34 kwa sentimita. Ziongeze mara mbili kwa usalama, na upande mrefu unataka pikseli 3,800 hivi. Maua ya Monet ni makubwa zaidi, lakini yanatazamwa kwa mita 2, hivyo yanatosheka na 3,500. Metropolitan imeziachia bure tangu Februari 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, alizeti hizo zikiwamo.

Nisichoweza kukisamehe ni jua. Picha yangu ya kwanza niliitundika mkabala na dirisha la magharibi, na baada ya miaka miwili wekundu wote ulikuwa umetoka, waridi likabaki rangi ya majivu. Makumbusho huweka picha za karatasi kwenye mwanga wa luksi 50, na za mafuta kwenye luksi 200. Jua kali la wazi hufika luksi 100,000. Tuseme likipita dirishani na kuangukia ukuta kwa mshazari inabaki robo yake, 25,000. Jioni moja ya saa tano chini ya taa ya luksi 50 ni sawa na luksi-saa 250. Saa moja tu ya jua lile, basi, inakula jioni 100. Chagua ukuta ambao jua haliugusi, na taa ya kelvini 2,700 hadi 3,000 ambayo boksi lake limeandikwa CRI, yaani kipimo cha uaminifu wa rangi, 90 au zaidi, la sivyo wekundu utapooza hata kama picha ni nzima.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, karatasi isigusane na kioo. Weka ukingo wa kadibodi nene katikati, vinginevyo wino utanata kwenye kioo, na siku ya kuvitenganisha utachana maua.

Kutundika hupimwa kwa jicho la anayekaa humo. Makumbusho huweka katikati ya picha kama sentimita 150 kutoka sakafuni, kwa watu waliosimama. Kwetu picha inatazamwa na waliokaa. Kwenye kochi jicho liko kama sentimita 115. Kwenye magodoro ya chini, kama 90. Mimi niliteremsha katikati hadi 130. Fremu yangu ina kimo cha sentimita 64, waya wake unashuka sentimita 5 kutoka juu, kwa hiyo msumari ulikwenda 130 jumlisha 32 toa 5, yaani 157. Kabla ya kutoboa nilikata gazeti kwa saizi ya fremu nikalibandika siku tatu, na mara moja nikalisogeza kushoto, maana mlango ukifunguliwa ulilifunika.

Sasa nikisimama mita 1 mbele yake, kitu ninachokitazama zaidi si mawaridi. Ni mashina yaliyo majini, ndani ya kile kioo: michirizi michache ya kijani na kijivu iliyokwenda upesi. Nikisogea hadi sentimita 30 ni michirizi tu. Nikirudi hatua mbili, maji yapo.