Nguruwe wa Meya na Ufadhili wa Walimu

Paukwa! Pakawa. Leo sina sungura wala fisi. Nina nguruwe mdogo, na aliyemwiba ni kijana hodari wa hesabu.

Mji unaitwa Grinnell, katika jimbo la Iowa, Marekani, nchi ya mahindi na mifugo. Mwaka 1948 wanafunzi wa chuo cha hapo walitaka karamu ya Kihawaii, na karamu hiyo hainogi bila nguruwe wa kuokwa. Robert Noyce, mtoto wa mchungaji wa kanisa, akatoka usiku na mwenzake, wakamchukua nguruwe wa kilo kama 11 katika shamba la watu. Asubuhi roho ikawasuta, wakaenda kukiri na kutaka kulipa. Lo! Shamba ni la meya wa mji. Na huko Iowa kuiba mfugo hakukuwa utani wa vijana, mtu alishtakiwa.

Aliyesimama kumtetea ni mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, pamoja na mkuu wa chuo. Wakaomba, wakasihi, mpaka adhabu ikawa kusimamishwa masomo kwa muhula mmoja tu.

Noyce aliporudi, akamkuta mwalimu ana jambo jipya. Mwishoni mwa 1947, wataalamu wa maabara za Bell walikuwa wameunda transista, kifaa kidogo cha kukuza ishara ya umeme au kuiwasha na kuizima. Kabla ya hapo redio zilitegemea taa za kioo, kubwa na zenye kupata moto. Mmoja wa wavumbuzi hao, John Bardeen, alijuana na Gale. Basi chuo kidogo kilichozungukwa na mahindi kikaanza kufundisha transista wakati vyuo vingi vikubwa vilikuwa bado.

Mwaka 1959 Noyce alibuni namna ya kuweka transista na viunganishi vyake vyote juu ya kipande kimoja cha silikoni. Mvumbuzi mwingine, Jack Kilby, alikuwa ameshafika karibu na hapo kwa njia nyingine, kwa hiyo sifa wanagawana. Hiyo ndiyo chipu. Mwaka 1968 Noyce na Gordon Moore wakaanzisha kampuni ya Intel. Simu unayoazima kwa mama yako ili ucheze michezo ina chipu ndani yake.

Sasa tuseme shule haina Gale. Huko Marekani, aliyehitimu fizikia au hesabu hutafutwa na kampuni zinazolipa kuliko shule. Zinazoumia ni shule za mitaa ya maskini: walimu huhamahama, na aliyesomea historia hujikuta anafundisha aljebra. Anajitahidi, maskini, lakini mtoto akiuliza "kwa nini?" mara mbili, mambo yanakwama.

Noyce alifariki 1990. Mwaka 2002 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuanzisha ufadhili wenye jina lake. Fedha hutoka Taasisi ya Taifa ya Sayansi, lakini haimpi mwanafunzi moja kwa moja. Hukipa chuo, nacho huchagua wanafunzi wa sayansi, hesabu au uhandisi walio tayari kuwa walimu. Kila mmoja hupata si chini ya dola 10,000 kwa mwaka.

Lakini kuna sharti, na hapa tega sikio. Ukilipiwa mwaka mmoja, utafundisha miaka miwili katika shule zenye shida niliyoitaja. Ukilipiwa miwili, utafundisha minne. Ukikimbilia kampuni kabla ya kutimiza, ile zawadi inageuka mkopo, na utaulipa.

Wapo wanaosema huko ni kumfunga kijana kamba. Mimi sioni hivyo. Fedha ni za walipa kodi, na wengi wao watoto wao wako katika shule hizohizo. Wasiwasi wangu ni mwingine: mwalimu akishamaliza miaka yake, ni nini kitamfanya abaki? Hapo ufadhili hauna jibu. Jibu liko kwenye mshahara na hali ya shule yenyewe.

Nawe ukisikia siku moja kuna ufadhili wa ualimu wa sayansi mahali ulipo, usianze na kiasi cha fedha. Soma sharti kwanza, tena na mzazi wako, kisha ndipo utie sahihi.