Nafsi Katika Programu: Aina za Mbinu na Suala la Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya programu iitwayo Java kwa kawaida hukutana, katika somo la kwanza, na mstari anaotakiwa kuunakili bila kuuliza. Ndani ya mstari huo mna neno static. Akiuliza maana yake, huambiwa kuwa ataielewa baadaye. Akifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hukuta maana ya kitu kilichotulia au kisichosogea. Maana hiyo haimfai kitu, kwa kuwa hakuna kilichotulia katika mstari ule. Matokeo yake ni kwamba neno hukaririwa na dhana hupotea.

Mhadhara huu unajadili aina za mbinu katika upangaji wa programu unaozingatia vitu. Hoja inayojengwa ni kwamba tofauti baina ya aina hizo kimsingi ni tofauti ya nafsi: je, kitendo ni cha nani? Sarufi ya Kiswahili tayari inazo nyenzo za kueleza tofauti hiyo. Hivyo basi, istilahi za taaluma hii hazina budi kutokana na dhima ya dhana, si na tafsiri ya neno kwa neno.

2.0 Jamii, Kitu na Mbinu

Upangaji wa aina hii ulichipuka nchini Norway katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wa Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo, walipounda lugha ya Simula. Katika miaka ya 1970, Alan Kay na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California waliiendeleza fikra hiyo kwa kuunda Smalltalk. Kwa mtazamo wao, programu si orodha ya amri tu, bali ni mkusanyiko wa vitu, na kila kitu kina taarifa zake na vitendo inavyojulikana kuwa kinaviweza.

Mathalani, ichukuliwe huduma ya kutuma fedha kwa simu. Maelezo ya jumla ya akaunti, yaani kwamba kila akaunti ina mmiliki, nambari na salio, huitwa jamii. Akaunti ya Asha ni kitu kimoja cha jamii hiyo; akaunti ya Juma ni kitu kingine. Vitendo kama kuweka, kutoa na kutuma fedha ndivyo vinavyoitwa mbinu. Ifahamike kuwa jamii hapa si darasa la wanafunzi, wala kitu si yambwa ya wanasarufi, ijapokuwa Kiingereza hutumia neno lile lile katika kila jozi. Anayetafsiri kwa kufuata sura ya neno hutumbukia katika mitego hiyo miwili hata kabla hajaifikia mbinu.

3.0 Aina Tatu za Msingi

Aina ya kwanza ni mbinu ya kitu. Mbinu ya kuongeza salio haiwezi kufanya kazi hewani. Ni lazima ijulikane ni salio la akaunti ipi linaloongezwa. Katika lugha ya Python, kigezo cha kwanza cha mbinu hiyo hushika nafasi ya kitu chenyewe, na kwa mazoea huitwa self. Katika Java na C++ nafasi hiyo ipo bila kuandikwa miongoni mwa vigezo, na hutajwa kwa neno this. Msomaji wa sarufi ya Kiswahili hatastaajabu. Katika umbo analipa, kiambishi a- hakimtaji mlipaji. Kinamshikia nafasi tu. Muktadha ndio unaoijaza nafasi hiyo: Asha analipa, Juma analipa. Kadhalika, self haitaji akaunti yoyote mpaka mbinu itakapoitwa.

Aina ya pili ni mbinu ya jamii. Mtu akitaka kujua ni akaunti ngapi zimefunguliwa, swali hilo si la akaunti ya Asha wala ya Juma. Ni la jamii nzima. Katika Python mbinu ya namna hii hupokea jamii yenyewe badala ya kitu kimoja, na kwa mazoea kigezo hicho huitwa cls. Kiswahili nacho kina umbo la kusema habari za jumla. Katika sentensi Simba hula nyama, asemwaye si simba fulani aliyeonekana Serengeti jana. Ni simba kwa jumla yao. Katika matumizi hayo, hu- huondoa kiambishi cha nafsi na kuielekeza habari kwa jamii.

Aina ya tatu ni mbinu isiyohitaji kitu wala jamii. Mbinu ya kukagua iwapo nambari ya simu ina tarakimu 10 huhitaji nambari hiyo tu. Haiulizi akaunti ni ya nani, wala akaunti ziko ngapi. Imewekwa ndani ya jamii kwa sababu inahusiana nayo kimantiki. Mbinu hii inakaribiana na kitenzi-jina: kukagua, kuhesabu, kulipa. Kitendo kinatajwa, mtendaji hatajwi.

Analipa, hulipa na kulipa ni maumbo matatu ya mzizi mmoja, na yanaweza kumwongoza mwanafunzi katika aina zote tatu. Ulinganisho huu una mipaka yake, bila shaka. Hu- huweza pia kutaja mazoea ya mtu mmoja, na ku- yenyewe ni alama ya ngeli. Hata hivyo, mpaka wa ulinganisho haufuti faida yake.

Faida hiyo si ya nadharia peke yake. Salio likiwekwa kimakosa kuwa mali ya jamii badala ya kuwa mali ya kitu, fedha atakazoweka Asha zitaonekana pia katika salio la Juma. Kosa la nafsi katika sentensi huchekesha. Kosa la nafsi katika programu huweza kumpotezea mtu fedha zake.

4.0 Chimbuko la Neno Lenye Utata

Neno static lilitoka katika lugha ya C, ambamo mojawapo ya matumizi yake lilikuwa kutaja taarifa inayodumu katika kumbukumbu ya kompyuta muda wote programu inapoendeshwa. Bjarne Stroustrup, muundaji wa C++, alilitumia tena neno hilo kwa mbinu zinazoitwa bila kuwapo kitu. Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, ikalirithi. Ndiyo maana lilihitajika katika ule mstari wa kwanza: programu inapoanza hakuna kitu kilichokwisha kuundwa, hivyo mbinu ya kuianzisha haikuweza kutegemea kitu. Sharti hilo lililegezwa katika toleo la 25 la mwaka 2025.

Aidha, lugha hazigawi aina hizi kwa namna moja. Java hutumia neno moja kwa aina ya pili na ya tatu. Python ilizitenganisha katika toleo la 2.2 la mwaka 2001. Katika Smalltalk, jamii yenyewe ni kitu, hivyo mbinu ya jamii ni mbinu ya kitu hicho. Kutokana na historia hiyo, istilahi mbinu tuli ingehamisha ajali ya Kiingereza na kuiingiza katika Kiswahili. Istilahi mbinu huru inafaa zaidi, kwa kuwa inataja sifa yenyewe: mbinu hiyo haikufungwa na kitu.

5.0 Mbinu Nyinginezo

Zipo aina nyingine zinazotofautishwa kwa kazi. Mbinu undaji huitwa kitu kinapozaliwa, ili kukipa taarifa zake za mwanzo. Mbinu dhahania hutajwa jina bila kuelezwa utendaji, na jamii zinazorithi ndizo zinazopaswa kuukamilisha.

Vilevile jina moja la mbinu huweza kutekelezwa kwa njia tofauti na vitu vya jamii tofauti. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua hali hiyo kupitia kitenzi piga: kupiga simu, kupiga pasi na kupiga picha ni vitendo vitatu, na kijalizo ndicho kinachoamua. Katika programu anayeamua ni kitu kilichoitiwa mbinu.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilidhihirisha kwamba Kiswahili kinamtosha mtumiaji wa kompyuta. Linalobaki ni suala la mtengenezaji wa programu, ambaye katika vyuo vya Afrika Mashariki angali akifundishwa kwa Kiingereza. Maneno ya amri yatabaki kuwa ya kigeni, na hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni kumwacha mwanafunzi akariri asichokielewa, ilhali lugha anayoizungumza kila siku ina viambishi vya kumwelewesha. Kabla ya kuandika mbinu yoyote, mwanafunzi afundishwe kujiuliza swali moja: kitendo hiki ni cha kitu kimoja, ni cha jamii nzima, au hakina mwenyewe? Akilijibu, neno litakalotumika halitamsumbua.