Bandia, au kazi ya mikono?



Tulikuwa tukitafsiri somo la afya kwa ajili ya kikundi cha wamama. Liliandikwa kwa Kiingereza, na lilieleza habari ya mama aliyepata mimba kwa msaada wa waganga wa hospitali. Hapo tukakuta neno "artificially". Kwa kuwa linafanana na neno la Kifaransa tunalolijua, hatukusita: tukaandika "kwa njia ya bandia". Tuliposoma kwa sauti, mama mmoja akauliza: "Basi, huyo ni mtoto wa bandia?" Tukanyamaza. Kwa Kiswahili, mtoto wa bandia ni mwanasesere, kitu cha kuchezea.

Neno hilo la Kiingereza lina mizizi katika Kilatini, katika maneno mawili: ufundi na kufanya. Zamani liliweza kumaanisha "kwa ustadi". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia neno la ukoo huo kwa mafundi wa shaba na chuma wa Tubal-Kaini, katika Mwanzo 4:22. Sisi wa Likasi, mji wa shaba, tunajua heshima ya fundi. Baadaye neno likaja kumaanisha jambo linalotokea kwa kazi ya watu, si kwa asili peke yake. Na mara nyingine, jambo la kujifanya.

Kwa hiyo haliwezi kutafsiriwa namna moja kila mahali.

Tuangalie ziwa Tshangalele, upande wa mashariki wa mji wetu. Halikuwako tangu mwanzo. Lilitokea wakati mto Lufira ulipozuiwa kwa ukuta huko Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930. Hapa tutasema "ziwa lililotengenezwa na watu". Lakini si ziwa la uongo: maji yake yanalowesha, wavuvi wanavua humo, na samaki wake wanashibisha watoto.

Mgonjwa akipumua kwa nguvu ya mashine, tuseme "anasaidiwa kupumua kwa mashine". Pumzi yake ni pumzi kweli, na uhai wake ni zawadi ya Mungu.

Lakini mfanyabiashara akificha unga katika depo ili bei ipande, neno ni lile lile, na maana ni nyingine: bei imepandishwa kwa hila. Na mtu akicheka mbele yetu huku moyo wake una chuki, anacheka kwa kujifanya. Hapo ndipo bandia ilipo.

Basi, tukikutana na neno hilo, tujiulize mambo mawili: Ni nani aliyefanya? Je, alifanya ili kusaidia au ili kudanganya? Kutumia mikono na akili si dhambi. Katika Mwanzo 2:15 Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Dhambi iko katika udanganyifu.

Somo letu tumelisahihisha. Sasa linasema: "alipata mimba kwa msaada wa waganga." Tunawaomba wahubiri na watafsiri wa makanisa yetu wawe waangalifu. Pengine katika ibada amekaa mama aliyembeba mtoto wa namna hiyo. Asirudi nyumbani akifikiri kwamba kanisa limemwita mtoto wake mwanasesere.