Kila jengo lina mdundo wake: Funzo la tetemeko la Mexico

ASUBUHI ya Septemba 19, 1985, tetemeko la ardhi lililoanzia pwani ya Bahari ya Pasifiki liliutikisa mji mkuu wa Mexico, ulio zaidi ya kilomita 300 kutoka kitovu chake. Maelfu ya watu waliangamia. La kushangaza ni kwamba majengo mengi yaliyoporomoka yalikuwa ya kimo cha wastani, baina ya orofa 6 na 15. Nyumba nyingi fupi zilisalimika, na hali kadhalika mnara wa Torre Latinoamericana wenye orofa 44, uliokamilika mwaka 1956.

Je, kwa nini mtikisiko uliwabagua wafupi na warefu, ukawaangusha wa wastani?

Chukua kamba ya mita 1, ulifungie jiwe na kulining'iniza. Livute kando kidogo, kisha uliachilie. Litakwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Hata ukilivuta kidogo zaidi au kidogo kuliko hapo, muda huo haubadiliki. Urefushe kamba hadi mita 4, na muda utakuwa sekunde 4. Mdundo umo katika umbo la kitu chenyewe, wala si katika nguvu ya mkono ulioanzisha mwendo.

Mwendo wa aina hii ndio mtetemo huru, kwani kitu kikishaachiliwa hakisukumwi tena na yeyote. Kinapofika ukingoni husita, nishati yake ikiwa imehifadhiwa. Kinapopita katikati, nishati hiyo huwa imegeuka kuwa kasi. Lau kusingekuwa na msuguano, mabadilishano hayo yangeendelea milele. Msuguano huufifisha mtetemo, lakini aghalabu hauubadilishi sana mdundo. Ndiyo maana wahandisi huanza hesabu zao kana kwamba msuguano haupo.

Mdundo wa jengo hutegemea mambo mawili: uzito wake na ukakamavu wa nguzo na kuta zake. Uzito ukiongezwa mara 4 bila kuziimarisha nguzo, muda wa kwenda na kurudi huwa maradufu. Ukakamavu ukiongezwa mara 4, muda hupungua kwa nusu. Kwa makadirio ya haraka, kila orofa huhesabiwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sehemu kubwa ya mji wa Mexico imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale la Texcoco. Siku hiyo udongo huo ulitikisika kwa mdundo wa takriban sekunde 2. Majengo ya wastani yalipoanza kupasuka yalilegea, muda wao ukarefuka, yakajikuta yanakwenda sambamba na ardhi. Ikawa kama mtoto anayesukumwa kwenye pembea kila anaporudi: kila msukumo uliongezea ule uliotangulia.

Kenya nayo imepitiwa na Bonde la Ufa, na Januari 1928 tetemeko kubwa lilitokea Subukia. Mwenye nyumba anayeongeza orofa zisizokuwamo katika ramani iliyoidhinishwa hazitwiki nguzo mzigo tu. Anaubadilisha pia mdundo ambao mhandisi aliukadiria, na jengo halitamwonya mpangaji yeyote kuhusu badiliko hilo hadi siku ardhi itakapotikisika.