Kifaa cha Tangi Kikizimika, Tutafuteje Kosa?

Asubuhi moja akina mama wa kikundi kimoja hapa Likoni walifika tangini na mitungi yao, manake simu ilisema maji yako nusu tangi. Kumbe tangi lilikuwa kavu tangu jana. Kifaa kilikuwa kimekwama, na ile nusu ilikuwa habari ya zamani. Mwenye mkokoteni akawauzia maji kwa bei yake. Mwanachama mmoja akasema kifaa king'olewe kiuzwe, na sisi tuliokifunga hatukuwa na la kujibu.

Likoni hupata maji ya Tiwi na Marere, na mfereji hautoki kila siku. Kwa hiyo habari ya tangi ni habari ya pesa. Wenzetu wa Kyuso, kule Kitui, waliona faida yake: mwaka 2013, vifaa vilivyowekwa ndani ya mikono ya pampu vilituma habari kwa njia ya simu, na muda wa kungoja pampu itengenezwe ukashuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Baadaye kazi hiyo ikafika Kwale. Lakini kifaa kinachokufa kimya kimya ni hatari kuliko kukosa kifaa.

Chetu ni kompyuta ndogo ya aina ya ESP8266, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2014. Kihisi chini ya mfuniko hutoa mlio usiosikika, hungoja mwangwi kutoka kwa maji, kisha kompyuta hupiga hesabu na kupeleka jibu kwenye intaneti.

Mwanzoni tulibahatisha. Siku moja tulibadilisha kihisi, waya na chaja kwa pamoja. Kifaa kikakaa siku tatu, kikazimika tena, nasi hatukujua lipi lilisaidia na lipi halikusaidia. Ndugu, badilisheni kitu kimoja tu, kisha ngojeni.

Afadhali mkiulize kifaa chenyewe. Kiungeni na kompyuta kwa waya wa USB. Kinapowaka husema kwa nini kilizimika, ila kwa kasi ya 74880. Mkiweka kasi nyingine mtaona takataka tu. Tafuteni maneno rst cause. Namba 4 ina maana kwamba programu ilikwama mahali, na yule mlinzi wa ndani, ambaye kazi yake ni kuangalia kama programu bado inakwenda, akaiwasha upya. Mkiona neno Exception na namba 28 au 29, hapo programu ilijaribu kusoma au kuandika mahali isiporuhusiwa. Hizo husomwa kwa kasi mliyoiandika wenyewe katika programu.

Kikizimika palepale kinapotuma, shukuni umeme kwanza. Chipu hii hutumia volti 3.3, na wakati wa kutuma huvuta mkondo wa ghafla unaoweza kupita miliampea 300. Waya mrefu mwembamba hauwezi. Na hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi: tulipofungua kijisanduku tulikuta viungo vimeota kutu ya kijani. Tukasafisha, tukachoma risasi upya, tukaziba vizuri.

Hata hivyo kikazimika tena! Hapo ndipo tulipoandika mstari mmoja wa programu, utaje kumbukumbu iliyobaki kila kinapotuma. Ilianza na baiti kama elfu 40, ikawa inapungua kila mara mtandao ulipokuwa mzito, wala hairudi. Programu ilikuwa inafungua njia mpya ya kutumia na kusahau kufunga ile ya kwanza. Ni kama kuazima sufuria za kikundi kila harusi bila kurudisha. Siku moja stoo ni tupu. Tukaagiza njia ifungwe hata kama kutuma kumeshindikana, na kungoja jibu kusizidi sekunde tano. Tangu hapo namba ile haishuki.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, halikuwa ndani ya chipu. Ukurasa ulionyesha kipimo bila saa. Sasa saa iko, na habari ikizidi saa moja ukurasa huandika: hakuna habari, chungulieni tangi. Ule ufito wenye alama bado umeegemea ukutani, na mweka hazina hataki kusikia habari ya kuuondoa.