Mnyaa

Katika nchi kavu za Afrika uko mti usioogopa jua wala ukame. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiisha kunyauka na miti mingine ikipukutisha majani yake, huo husimama kijani vile vile. Jina lake ni mnyaa.

Mtu auonaye mara ya kwanza hudhani kwamba hauna majani. Majani unayo, lakini ni madogo sana, nayo huanguka upesi. Basi kazi ya majani hufanywa na vitawi vyake, navyo ni vya mviringo, laini, vya kijani, vyenye unene kama wa penseli. Ndani yake mti huweka akiba ya maji. Tena vitawi hivyo vina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwavyo mti huvuta hewa. Wakati wa jua kali vitundu hufungwa ili maji yasipotee. Usiku, kukiwa na baridi, hufunguliwa. Ndiyo sababu mnyaa huishi mahali ambapo mimea mingi hufa.

Kuupanda si kazi ngumu. Tawi hukatwa, huachwa siku chache hata kidonda chake kikauke, kisha huchomekwa ardhini, nalo hutoa mizizi. Kwa hiyo tangu zamani watu wameupanda kuwa ua wa nyumba, mashamba na mazizi. Wamasai huuita emanyara, na husemwa kwamba Ziwa Manyara katika Tanzania limepata jina lake hapo.

Walakini kwa nini ng'ombe na mbuzi hawauli ua huo? Ni kwa ajili ya maziwa yake. Tawi likivunjika hata kidogo, hutoka maziwa meupe yenye sumu. Yakigusa ngozi huiwasha. Yakiingia machoni huleta maumivu makali, na pengine mtu hushindwa kuona.

Basi mtoto asivunje vitawi vya mnyaa kwa mchezo. Naye aukataye akinge macho yake, na akiisha, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa uso. Mtu akiingiwa na maziwa hayo, asisugue macho. Ayaoshe papo hapo kwa maji safi mengi, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Mnyaa ni mlinzi mwema wa mji. Lakini maziwa yamzuiayo mbuzi hayamjui mwenye nyumba.